Magogo ya Asineq katika Pwani ya Qisulik

Pwani ya Qisulik haina mchanga wa kuchezea. Ni changarawe nyeusi chini ya mlima, na bahari yake hufunguka miezi miwili tu kabla barafu haijaifunga tena. Mti hauoti huko hata mmoja. Magogo huletwa na mkondo kutoka mito ya mbali. Nyuma ya changarawe yapo mashimo ya nyumba za watu wa kale, walioteketea kwa njaa hadi wa mwisho akakosa wa kumzika. Akina Milka waliletwa hapo na serikali, wakiambiwa sili, mnyama wa baharini wa kuwindwa, ni tele. Sili walikuwepo kweli, ila habari za mashimo hakuna aliyewapa.

Asineq, mumewe Milka, alitoka na mtumbwi wake wa ngozi mwishoni mwa kiangazi, hakurudi. Aliacha magogo matatu juu ya mstari wa maji, kila moja limewekewa jiwe. Gogo lenye jiwe lina mwenyewe, na mtu wa Qisulik yu radhi agande kwa baridi kuliko kuligusa. Milka hakuyaondoa yale mawe. Wenzake walinyamaza kwa kumhurumia, ingawa huruma hiyo ilianza kuwaishia baridi ilipokaza.

"Mama mkwe," Boas alimtania, "magogo yananenepa huko nje, sisi tunakonda humu."

"Mwenye mali akirudi utamwomba mwenyewe."

Kisha Dorthea, binti yake Milka na mke wa Boas, akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alilia mchana kutwa, usiku kucha, akakataa ziwa. Kuitse, mkunga, hakuzungukazunguka.

"Anadai jina lake," alisema. "Na unalijua, Milka."

Alilijua. Kwao mtu akishakufa, jina lake hupewa mtoto mchanga, naye huhesabiwa ndiye huyo aliyerudi. Kulitamka juu ya kichanga kile kungekuwa kumzika Asineq kwa mdomo wake.

"Mpeni jingine."

Walimpa mengine mawili. Aliyalilia yote, na sauti ikawa inafifia.

"Mama," Dorthea alisema, "baba hayupo. Huyu yupo, na ananifia mikononi."

Milka alitoka, akashuka changaraweni. Barafu ilikuwa imefunga ghuba nzima kitambo, ngumu ya kupitisha mbwa wakivuta sleji ya mizigo. Hata watu wa ng'ambo walishakuja kutembea wakarudi kwao. Mtu aliye hai angekuwa amefika kwa miguu. Alilijua hilo siku nyingi, akajifanya hamnazo. Sasa aliinama, akayaangusha mawe moja baada ya jingine, na ilimuuma kama anafukuza mtu mlangoni.

Aliporudi ndani alimwambia Boas akachukue kuni. Akampokea mtoto kabla hata hajavua koti, akamwita Asineq. Mtoto alipopewa ziwa safari hii, alinyonya. Kuitse alicheka, na kama ilivyo desturi kila mtu akamkaribisha nyumbani: Dorthea akamwita baba, Boas akamwita baba mkwe. Wakangoja zamu ya Milka.

"Mume wangu," alisema, "umechelewa sana."

Kisha akamrudisha kwa mama yake, akajifunika ngozi, akaanza kumlilia marehemu.