Saa Zilizofungwa Mtini

Nevena Chakarova alijua kunyata kabla hajajua kukimbia. Mama yake alikuwa wa zamu ya usiku katika kiwanda cha soksi cha mji wetu huku Bulgaria, na nyumba ya mtu anayelala mchana ina sheria zake: redio chini, mlango taratibu, na mgeni anayebonyeza kengele anatazamwa kama mwizi. Watoto wa ghorofa ile walipocheza mpira uani, Nevena aliwafuata na kidole mdomoni, akiwanyamazisha mmoja mmoja. Wakambandika jina la Askari wa Usingizi, nalo likamganda hata alipokwenda mji wa Plovdiv kusomea udaktari.

Kwa hiyo aliposema kazi yake itakuwa usingizi na saa ya mwili, yaani ile saa tuliyozaliwa nayo ndani inayotuambia muda wa kulala na muda wa kuamka, hakuna aliyeshangaa. Kilichowashangaza watu ni kwamba alirudi nyumbani. Madaktari wa umri wake hawarudi. Wanamaliza chuo leo, kesho wako Ujerumani wanatuma picha za magari. Nevena naye alikuwa na nafasi yake huko, hospitali nzuri na mshahara wa kumtoa mtu macho, na wenye hospitali walikubali kumsubiri mpaka mwisho wa Aprili, basi.

Yeye alitaka kubaki. Alitaka kujua kwa nini wanawake wa zamu ya usiku huchakaa haraka kama alivyochakaa mama yake, na wafanyiwe nini ili walale kama binadamu wengine. Lakini kliniki yake ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili, na hospitali ilishamwambia waziwazi kwamba haina fedha za kumlipa mtu kazi ya kutazama wenzake wakikoroma.

Ilibaki ruzuku. Kulikuwa na mfuko wa utafiti huko Sofia, mji mkuu, uliotenga fedha kwa ajili ya madaktari vijana: miaka mitatu ya mshahara, vifaa na msaidizi. Jopo lilipenda wazo la Nevena, ila likaweka sharti. Athibitishe kwanza kwamba wafanyakazi wa kawaida wanaweza kuvaa saa ya kupimia usingizi mwezi mzima bila kuivua. Wengi hushindwa hapo. Huyu anaiacha bafuni, yule anamvalisha mjukuu, na wa tatu anasema inamwasha. Wakamwazima saa za kutosha zamu moja, na mwezi uliochaguliwa ukawa Machi.

Siku ya kwanza ya Machi, Nevena akaingia kwenye bwalo la kiwanda na boksi lake la saa. Zamu ya usiku ilikuwa ndiyo inatoka, wanawake wamechoka, kila mmoja na kipande cha banitsa, mkate wa jibini, mkononi. Msimamizi wao, Stoyna Gaydarova, aliyefanya kazi na mama yake tangu enzi hizo, aliinyanyua saa moja kwa vidole viwili kana kwamba ni panya aliyekufa.

"Mbona haina mishale? Saa gani hii isiyosema saa?"

"Haisemi saa, shangazi. Inapima unavyolala."

"Mimi silali, mwanangu. Ipime nini? Ipime navyomsikiliza mume wangu Kolyo akikoroma?"

"Hiyo ni ya wafungwa," mwingine akadakia. "Wanamfunga mtu ili polisi wajue alipo."

"Basi mfunge mume wangu!" wa tatu akapaza sauti.

Bwalo zima likaangua kicheko, na Nevena akaona mambo yanamponyoka. Ndipo akatazama mikono yao. Ilikuwa siku ya Bibi Marta, sikukuu yetu ya kuipokea Machi, na kila mmoja alikuwa akimfunga mwenzake uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa, martenitsa, wa kumtakia afya. Mezani palikuwa na rundo zima la nyuzi zile. Nevena akavuta kiti, akaanza kuzisokotea kwenye mikanda ya saa, moja baada ya nyingine, nyekundu na nyeupe, mpaka vile vidude vyeusi vikapendeza. Kisha akapita akiwafunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Heri ya Bibi Marta, shangazi. Uwe mwekundu na mweupe mwaka mzima."

Sasa nani kwetu atakataa martenitsa? Stoyna akaunyoosha mkono. Wengine wote wakaunyoosha. Nevena akatoka pale akijiona mjanja kuliko jopo zima la Sofia. Kulikuwa na swali moja tu alilopaswa kujiuliza, tena dogo, linalojibiwa na kila mtoto wa chekechea Bulgaria nzima. Lakini mtu akishajiona mjanja huwa hajiulizi maswali.

Mwezi ukaenda. Nevena akawaheshimu, hakuwasumbua hata mara moja. Askari wa Usingizi hawezi kwenda kugonga milango ya watu wanaolala. Mwisho wa Machi, asubuhi, akaenda kwenye geti la kiwanda na kikapu chake kukusanya saa. Zamu ikatoka. Mikono ikatoka. Mitupu.

"Shangazi," akasema. "Saa ziko wapi?"

"Zipo! Tena zimekaa vizuri." Stoyna akamshika mkono akamzungusha nyuma ya ukuta. "Zile pale."

Palikuwa na mplamu, mti wa matunda ya plamu, umechanua maua meupe mti mzima, na kwenye kila tawi lililoweza kufikiwa na mtu kulikuwa na saa inaning'inia kwa uzi wake mwekundu na mweupe.

"Siku kumi zilizopita korongo alirudi," Stoyna akaeleza kwa furaha. "Tunatoka zamu, huyo, kasimama juu ya bomba la moshi, anatutazama. Zamu nzima tumemwona kwa pamoja! Tukaja hapa mbio."

Nevena akaushika uzi wa saa iliyokuwa karibu. Alilijua vizuri jibu la lile swali dogo: martenitsa huvaliwa mpaka umwone korongo wa kwanza, kisha unaufungua uzi na kuufunga kwenye mti wa matunda. Alifanya hivyo maisha yake yote. Na saa alizisokotea uzi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mngebakiza saa, shangazi! Mngefungua uzi peke yake!"

"Umezisokotea wewe, na uzi haukatwi, ukikatwa unaleta nuksi. Wewe si wa hapa?" Kisha Stoyna akaona uso wake, akalegea. "Kwani tumekosea nini? Na ukifunga mtini si unaomba jambo? Wote tuliomba jambo moja."

"Mliomba nini?"

"Upate hizo fedha zako za Sofia, mwehu wewe! Ukae!"

Nevena akaketi chini, kwenye nyasi zenye umande, na koti lake la kazini. Alilia, na katikati ya kulia kicheko kikamshika, na wanawake wale wasijue wampe maji au wampe rakia, pombe yetu kali. Wakampa vyote.

Kule kliniki, daktari mwenzake, Plamen Yosifov, alizisoma zile saa kwenye kompyuta huku anafuta machozi ya kucheka. Kwa mujibu wa saa, zamu nzima ya usiku ilikuwa imelala usingizi wa pono kwa siku kumi, nje, juani, ikijigeuza tu upepo unapovuma.

"Sikiliza," alisema alipopata pumzi. "Hizo siku kumi kata. Sema betri ziliisha. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe utajua ukiwa hapa na mshahara. Au utajua ukiwa Ujerumani. Chagua."

Nevena aliliwaza hilo siku mbili, na sitamsingizia kwamba halikumvutia. Lilimvutia sana. Alifika hadi kuandika neno betri kwenye taarifa yake, akalitazama, likamtia aibu, akalifuta. Badala yake akaweka picha ya mplamu.

Jopo likamwita Sofia. Mwenyekiti alikuwa Profesa Vaklinova, mama mwembamba asiyecheka ovyo, ambaye madaktari vijana walimwogopa kuliko mitihani. Nevena akasimama mbele yao, akawaonyesha picha, akaeleza yote: uzi, korongo, mti. Hakuficha hata siku moja. Wajumbe wawili wakaziba midomo. Profesa hakuziba chochote.

"Yaani ni wewe uliyewafunga."

"Ni mimi, Profesa."

"Na ni wewe Mbulgaria uliyezaliwa Bulgaria."

"Ndiyo, Profesa." Masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Profesa akavuta karatasi za matokeo, akazipitia polepole mpaka Nevena akatamani ardhi ipasuke. Kisha akauliza, "Kabla ya siku ya korongo, waliovua ni wangapi?"

Nevena akazisogelea zile karatasi. Tangu asubuhi ile ya mplamu alikuwa akizitazama zile siku kumi tu, siku zilizoharibika. Zile za mwanzo hakuzitazama kwa jicho hilo kabisa.

"Hakuna," akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Walioga nazo. Mmoja alifungishwa ndoa akiwa nayo mkononi." Akajisikia anaanza kutabasamu bila ruhusa. "Martenitsa haivuliwi kabla ya wakati, Profesa."

"Mimi nilifanya utafiti kama huu hapahapa Sofia," Profesa akawaambia wenzake. "Wavaaji walikuwa madaktari. Kufikia wiki ya pili nusu wameziacha bafuni." Akamgeukia Nevena. "Mwaka ujao utazifungaje?"

"Uzi mkono wa kushoto, Profesa, saa mkono wa kulia."

Na hapo Profesa Vaklinova akacheka, kicheko kikubwa cha ghafla ambacho hakikufanana naye kabisa, na jopo lote likamfuata. Lakini kicheko si fedha. Wakamwambia arudi nyumbani, majibu yatakuja kwa simu Alhamisi.

Alhamisi ikafika, na Nevena akaisubiri simu tangu alfajiri. Hakula. Plamen alimfukuza wodini mara mbili kwa kuwatia wagonjwa wasiwasi. Simu ilipolia asubuhi aliisikiliza akiwa amesimama ngazini, akasema asante mara nyingi kuliko inavyostahili, kisha akaketi kwenye ngazi ileile. Amepata. Miaka mitatu, vifaa, msaidizi. Amepata!

Mtu wa kwanza aliyemjia kichwani baada ya mama yake alikuwa Stoyna. Akatoka na koti la hospitali, akavuka soko karibu anakimbia, mpaka mbele ya mlango wa Stoyna, na kidole kikiwa tayari kwenye kengele akashtuka, akakirudisha. Zamu ya usiku ilikuwa imetoka alfajiri. Saa hizi mwanamke yule alikuwa amelala, na yeye, daktari wa usingizi, alitaka kumwamsha! Ni yeye aliyewafundisha mapazia mazito na kutokunywa kahawa asubuhi. Basi akabaki pale mlangoni, furaha imemjaa mpaka kooni, hana pa kuipeleka. Akaamua atasubiri jioni.

Mlango ukafunguka, Stoyna akachungulia.

"Utasimama hapo mpaka lini? Tunakuona dirishani tangu sokoni!"

Jikoni kwa Stoyna palikuwa pamejaa zamu nzima. Wengine kwenye viti, wengine sakafuni, macho mekundu, na buli la kahawa nzito likitokota juu ya jiko waziwazi, bila haya.

"Hamjalala!" Nevena akafoka. "Jamani, ninyi! Niliwaambia nini kuhusu kahawa?"

"Tulale vipi?" mmoja akamjibu. "Leo si Alhamisi? Daktari wa usingizi ndiye ametukosesha usingizi!"

"Kwanza sema," mwingine akalia. "Sema, tunakufa."

"Nimepata."

Kelele zilizopigwa pale zilimwamsha Kolyo chumbani, akatoka na nguo ya kulalia akiuliza moto uko wapi. Walimkumbatia Nevena, wakamkumbatia na Kolyo, kikombe kikavunjika na hakuna aliyeinama kukiokota. Ni Stoyna tu ambaye hakupiga kelele. Alikuwa ameegemea friji, mikono imefungwa kifuani, akingoja wenzake watulie.

"Sema vizuri, mimi sielewi mambo ya fedha zenu," akasema. "Ujerumani je?"

"Siendi, shangazi."

"Huendi mwezi huu, au huendi?"

"Siendi."

Stoyna akavuta kiti, akaketi, na akaufunika uso kwa aproni yake. Watoto wake watatu wote walikuwa huko. Kila mmoja aliondoka akisema ni kwa mwezi mmoja tu. Alipoishusha, uso ulikuwa umelowa na unang'aa, akapangusa pua, akapiga makofi kama anavyopiga kiwandani zamu ikianza.

"Haya, tokeni kwangu!" akawaambia wote, na Nevena pamoja nao. "Tokeni, nataka kulala."