Picha la Mapenzi Lililogeuka Roho Juu

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na usicheke kwamba anayekuita mwanangu yuko kidato cha tatu na ndevu zake unaweza kuzihesabu. Mvi nyingine huota ndani.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, nyumbani kwetu Mikindani. Hamisi, karani wa bandarini, mtu wa tabasamu asubuhi hadi jioni, alikuja na mjomba wake kupanga siku ya ndoa na dada yangu Zuhura. Bibi alikuwa amefika kutoka Kitaya kumkagua. Mimi nikatumwa duka la video nikaazime kanda "ya heshima".

Duka lile lina rafu: mapenzi, ngumi, vichekesho, na roho juu, zile za kukutia hofu mpaka mwisho. Hizo roho juu nazo zina koo zake. Kuna za wapelelezi, za majasusi, na zile ambazo adui anaishi humo humo ndani na mtu. Nikachukua kanda ya rafu ya mapenzi. Kwenye jalada, bwana harusi na biarusi wanacheka. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti.

Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, chumvi kidogo juu. Picha likaanza kwa maua. Likaingia vichekesho, bwana anaunguza mayai, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Mara biarusi akapanda darini kutafuta paka, akakuta kopo limejaa pete za wanawake. Muziki ukakatika. Kugeuka, mumewe amesimama nyuma yake, na tabasamu lile lile.

Mkalimani nikatafsiri: "Hizo ni pete za wake aliowaua."

"Mume wangu," Bibi akaniita, kama anavyoniita siku zote kwa utani, "huyu si ndiye stelingi, shujaa wa picha?"

"Ndiye, Bibi."

"Mbona anaua wake zake?"

"Hata mimi nashangaa! Stelingi hafi, na mkewe hamuui. Hiyo ni sheria."

Bibi akamgeukia Hamisi taratibu. "Na wewe baba, unayecheka tangu umeingia. Dari yako ina nini?"

Tukaangua kicheko. Hamisi hakucheka. Akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama mkeka.

"Nina mke Masasi," Hamisi akasema. "Na watoto. Nilitaka niseme tukishaoana."

Mama akashika kifua. Zuhura akainuka, akazima televisheni, akaenda mlangoni, akavipanga viatu vya wageni vikiwa vimeelekea nje.

Walipoondoka, mimi na mdomo wangu nikauliza, "Sasa Bibi, picha letu hili tuliweke rafu gani?"

"Nyamaza. Muda wote unamwita yule mwanamume stelingi. Stelingi ni yule aliyepanda darini."

Nikaichomoa kanda, nikairudisha dukani, na mwenye duka akaiweka tena rafu ya mapenzi.

Basi shika hili. Rafu ni ya mwenye duka, si ya picha. Mapenzi hulala na vichekesho yakaamka roho juu, na binadamu ndivyo tulivyo. Kuuliza si ujinga. Uliza mapema, viatu vya mgeni vikiwa bado mlangoni. Mungu akujalie dari isiyo na kopo. Na ukilikuta, akupe ujasiri wa kulifunua na miguu ya kushuka salama. Amina.