Walitaka kuuza shamba la mama kwa madole ya kwenye group, nikagoma

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Waliohusika kama wamo humu, wasome tu.

Mimi ni mwanamke, nauza kava na chaja hapa Bariadi mjini. Kwa hiyo asije mtu kuniambia naogopa teknolojia. Simu ndizo zinanilisha.

Nimeanza nazo zamani, enzi za kupanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Unabipu, unashuka, unasubiri upigiwe, unapanda tena. Zikaja za tochi, zikaja za kupangusa, sasa kuna zinazokujibu maswali kama mtu. Kesho sijui watatuwekea kwenye jino. Zije tu, na zenyewe nitaziuzia kava.

Turudi kwenye mada.

Mama yangu yuko Lalago, analima pamba. Anatumia kitochi. Kaka yetu mkubwa yuko Dar, ndiye admin wa group la familia, na mama hayumo maana kitochi hakina mambo ya group.

Asubuhi moja kaka akaandika kwamba shamba la Lalago halilipi, mteja amepatikana, anayekubali aweke dole.

Madole yakaanza kumiminika. Dada wa Maswa, dole. Kaka wa Mwanza, dole. Shemeji ambaye hilo shamba hata halijui liko upande gani, madole mawili.

Nikauliza, mama anasemaje?

Baadaye kaka akajibu: "Mama tutamjulisha. Usiturudishe enzi za kitochi."

Wakuu, nilikasirika. Mama amelilima lile shamba peke yake tangu baba afariki. Hata simu ya kwanza ya huyo kaka ilitokana na pamba ya hapohapo.

Nikampigia mama, nikaweka loudspeaker. Nikamweleza yote, nikamwambia nakurekodi kwa simu nyingine ili wakusikie.

Akaongea taratibu (ni Kisukuma, nawatafsiria, salamu tu nimeiacha):

"Mwangaluka, wanangu. Nasikia mmeweka madole. Mimi ofisi ya kijiji wakinipaka wino, dole langu linatoa mistari yake. Hayo ya kwenye simu yana mistari?"

Nikamjibu, "Hapana mama. Yote yanafanana."

"Basi hayo si ya mtu. Langu ninalo hapa, lina udongo. Anayelitaka alifuate Lalago."

Nikairusha rekodi hiyo kwenye group kama ilivyo.

Dada wa Maswa akafuta dole lake. Kaka wa Mwanza naye akafuta. Kaka mkubwa akanitoa kwenye group.

Sijaomba kurudishwa na sitaomba. Kabla ya kunitoa aliniandikia kwamba mtoto wa kike hana neno kwenye shamba la baba. Neno ninalo, na nikiambiwa nirudie leo, narudia.

Shamba lipo. Mama msimu huu kapanda pamba mpaka karibu na mlango wa nyumba, na mteja kaambiwa akatafute kwingine.

Nilichojifunza: simu ibadilike itakavyo, ije hata ya kwenye jino, bado kuna mtu lazima aulizwe kwa mdomo na ajibu kwa mdomo wake.

Karibuni mnitukane au mniunge mkono, vyote napokea. Ila kabla hujaandika, angalia nani hayumo kwenye group lenu la familia. Mpigie huyo kwanza.