Reflekta Niliyoikalia

Mwikali, mke wangu, akisikia nimeanza hii hadithi huondoka mezani, na hana makosa, kwa sababu inahusu makalio yangu na mama yake mzazi, na kwetu Ukambani hayo ni mambo mawili yasiyofaa kukutana hata kwa bahati mbaya. Lakini nitasema tu. Niko hai leo kwa sababu ya siku hiyo, na kunyamaza kungekuwa kukosa shukrani.

Ilikuwa miaka ya themanini, mimi karani wa kupima kahawa kiwandani huko Nunguni, na nilikuwa nimepata pikipiki. Nyekundu! (Mtumba, sawa, na taa ya nyuma ilikuwa imekufa kitambo, lakini nyekundu.) Niliipangusa kila jioni mpaka mama akaniuliza kama ninaoa Mwikali au ninaoa pikipiki. Sasa Mutua, rafiki yangu, dereva wa lori lililobeba akina mama na kabichi zao kwenda sokoni, akanipa kipande cha reflekta, ule utepe mwekundu na mweupe wa nyuma ya malori, ambao ukimulikwa na taa unawaka.

"Bandika hapo nyuma," akasema. "Hii ukungu ya Julai, nikiteremka asubuhi sioni hata pua ya lori. Nitakukanyaga hivi hivi."

Nikashukuru, nikaenda nayo nyumbani, nikaitazama pikipiki yangu, nikaona siwezi kuiharibia rangi. Na suruali yangu ya kazi ilikuwa imepasuka nyuma kwa kusuguliwa na kiti. Basi mtu mwenye akili kama mimi nikafanya nini? Nikabandika reflekta kwenye suruali, juu ya ule mpasuko, nikafurahi kabisa kwamba nimeziba tundu na malori pia yataniona. (Kwamba mtu akiendesha pikipiki huwa ameketi, hiyo haikunijia. Na nilisoma mpaka kidato cha nne.)

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mzito kama uji. Kwenye kona ya mteremko nikakuta tope, gurudumu la nyuma likaniponyoka, na kufumba na kufumbua kichwa kiko mtaroni, pikipiki imenilalia mguu, ekzosi inanichoma, na makalio yamebaki juu, barabarani, yakielekea mlimani. Na huko mlimani nasikia lori la Mutua linateremka. Nilipiga kelele, lakini kwa injini ile nani angesikia? Nikaomba. Hayakuwa maombi marefu, nilisema tu Ngai, Ngai, Ngai.

Breki zikalia. Lori likasimama hatua mbili tatu kutoka kwangu, joto la rejeta nikalisikia mgongoni.

"Nimeona kitu inawaka hapa chini, nikajua ni lori imekwama," Mutua akasema akishuka. "Kumbe ni... wuui!" Akaanza kucheka. Akina mama wote juu ya kabichi wakacheka, maana suruali ilikuwa imemalizia kupasuka, na kilichobaki kunisitiri ni ile reflekta peke yake.

Halafu nikasikia sauti moja ambayo haikucheka. "Mutua, funga mdomo. Nenda uweke matawi pale kwa kona, gari ingine isije ikamuua."

Mama Mwikali! Jumamosi ile wazee wetu walikuwa waende kwake kumposa Mwikali, na kwetu kuna nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe: hamtazamani, mkikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Jamani, nilitamani lori lisingesimama.

Alikuja kinyumenyume, amenipa mgongo, leso ameishika nyuma yake, akaiachilia ikanifunika. Hapo angeweza kwenda zake. Lakini ekzosi ilikuwa inazidi kunichoma, nikalia, nililia kama mtoto, naye akageuka. Akanitazama.

"Nthoni itangoja," akasema, akaishika pikipiki kwa mikono miwili akaiinua, mama wa umri ule, kabla wenzake hawajashuka kwenye lori.

Jumamosi nilijua mambo yameisha. Wazee wakaketi, baba yake Mwikali anakohoa tu. Ndipo shangazi yake Mwikali akatoka jikoni na ujumbe: "Mama anasema kijana hamkatai. Lakini abandike hiyo kitu kwa pikipiki. Hakumlea Mwikali awe mjane."

Jioni hiyo hiyo nilimwomba Mutua utepe mwingine, nikabandika nyuma, mbavuni, hata kwenye helmeti, rangi yangu nyekundu karibu yote ikafunikwa, na tangu hapo sijapanda pikipiki bila reflekta wala sitapanda, na kijana nikimwona nyuma yake ni giza namsimamisha hata kama simjui. Mama mkwe na mimi tulirudia nthoni yetu. Akiniona anakata kona, nami nakata yangu, kwa hiyo ile asante sijawahi kumpa mwenyewe. Namtuma Mwikali kila akienda kwao, amwambie mama nashukuru, nashukuru sana, na kila mara Mwikali anarudi na jibu lile lile: "Anauliza kama bado inawaka."