Dakika Nzima ya Eufrazia

Kila asubuhi, kabla hajamwita mgonjwa wa kwanza, Eufrazia huvua saa yake ya mkononi na kuilaza juu ya mwongozo wa matibabu, kitabu ambacho mgongo wake umeshikiliwa na plasta ya vidonda. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akiwa tabibu kwenye zahanati moja ya Chanika.

Siku hiyo, ilipofika saa saba mchana, miguu ilikuwa imemvimba na benchi la nje halijapungua. Akaingia Loveness, muuza maandazi, na mwanawe wa mwaka mmoja na miezi minne mgongoni.

"Shikamoo dokta. Mafua tu haya. Nipe dawa ya maji niwahi, karai nimemwachia jirani."

Eufrazia alimtazama mtoto. Makamasi, kikohozi kidogo, macho maangavu. Akaandika kwenye rejista: mafua. Alipoinua mkono kufungua ukurasa, jicho likaangukia ile saa. Akaguna.

"Mpandishe shati."

Akahesabu pumzi, kifua kikipanda na kushuka. Kwenye ishirini na saba mtoto akaangua kilio. Mwongozo unataka dakika nzima, mtoto akiwa ametulia.

"Mnyonyeshe kwanza. Tunaanza upya."

Nje, kwenye benchi la wanaosubiri, Mzee Shomari alikohoa kwa makusudi. "Huyo mama anahesabu nini humo, mbuzi wa mahari?"

"Mbuzi wangekuwa wameshafika ukweni," mwingine akadakia, benchi likacheka.

Mtoto alipotulia, Eufrazia alianza tena na moja. Gladness, muuguzi aliyeajiriwa mwezi uliopita, alisimama mlangoni akihesabu kimoyomoyo pamoja naye.

Hamsini na nne. Kwa umri ule, arobaini tu inatosha kuitwa nimonia.

"Lakini anacheza, dokta," Loveness alisema, sauti imepungua.

"Anacheza, ndiyo. Na mapafu yanaumwa."

Akampa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, akamwambia arudi baada ya siku mbili; mbavu zikianza kubonyea ndani, asingoje, aende hospitali. Loveness aliyarudia maneno yale mara mbili asiyasahau, akatoka bila kulitaja tena karai.

Gladness akausogeza mlango. "Mama, usingehesabu, ungejua?"

Eufrazia alikuwa ameinamia rejista, analikata lile neno kwa mstari mmoja.

"Hapana," alisema. "Nilishaandika mafua."