Karatasi za karanga zinazomtafuta Solange

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa, Phinées Vagheni anainamia sahani ya uji wa wanga ulioganda. Jumatatu alidondosha tone la wino katikati. Jumanne wino ulifika kwenye alama ya kwanza. Leo ndiyo kwanza unagusa ya pili, ambayo iko mbali mara mbili tu.

"Mbali mara mbili, wakati mara ine," anawaambia wanafunzi wake wa sekondari mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. "Sababu chembe haina macho. Inasukumwa huku, inasukumwa kule, inarudi kwenye ilitoka."

Mwalimu huyu wa fizikia, mwenye miaka arobaini na mmoja, somo hili limemwingia hadi mifupani.

Mwaka jana watu wenye silaha walivamia kijiji chake nje ya Oicha. Kila mtu alikimbilia alikoweza. Phinées alitokea barabarani, mkewe Solange akaingia msituni. Simu yao pekee iliungua pamoja na nyumba. Hawajaonana tena.

Kwa miezi saba alimtafuta kwa miguu, Oicha, Beni, Kalunguta, kambi baada ya kambi, akaambulia malengelenge. "Pengine nilifika asubuyi, yeye alitoka mangaribi," anasema. "Batu babili benye kuzunguka banaweza kupishana mupaka uzee."

Siku moja mwanafunzi alimuuliza, "Prof, na chembe ikipotea kabisa?" Akajibu harakaharaka kwamba tone halina chembe moja, lina mamilioni, na zile zenye bahati hutangulia kufika. Kisha akaweka chaki chini. Alikuwa amejijibu mwenyewe.

Siku hiyohiyo alikusanya mitihani ya zamani. Nyuma ya kila karatasi aliandika: "Solange, niko muzima. Uliza prof wa fizike, nyuma ya soko, Butembo. Phinées." Akampelekea Hulda, muuza karanga, ambaye kama wenzake wote sokoni hufungia karanga zake kwenye karatasi za shule. Wateja wake ni madereva wa malori na abiria wao. Karanga huliwa njiani, karatasi hutupwa popote pale.

Hadi sasa zimeondoka karatasi 1,300. "Kila moja yenye nakunja, naiambia: enda, mufikie ule mama," anasema Hulda.

Jibu bado. Inamuuma Phinées, wala hafichi.

Mwezi huu shule moja ya Lubero ilimwita. Ilimwahidi nyumba, kishamba cha viazi na usingizi wa amani. Alikataa, na wenzake wakamwona amerukwa na akili, maana chumba anachopanga kinavuja. Mpango wake ni kuandika karatasi nyingine mia sita kabla ya likizo, na kubaki palepale.

"Akipata moja tu, atatembea siku mingi kunifikia," anasema. "Sasa abishe kwa mulango, afunguliwe na mutu mwingine?"