Jozi Tisa za Viatu na Swali la Saba

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano. Laetitia amesimama mbele ya nyumba ya zamani huko Glenwood, Durban, bahasha kifuani, macho chini. Anahesabu viatu vilivyovuliwa mlangoni. Jozi tisa.

Fomu iliyomo kwenye bahasha ilitumwa kwa posta na kampuni moja ya utafiti wa makazi. Imerudi imejazwa vizuri, isipokuwa swali la saba: jana usiku walilala watu wangapi katika nyumba hii?

"Tuko wanne," anasema mpangaji, tutakayemwita Mama Gaël, akiwa amefungua mlango nusu.

Wote wawili wanatazama viatu.

"Hivi vyote ni vya watu wanne, mama?"

"Tunapenda viatu."

Kicheko kinawaponyoka. Hakidumu.

Laetitia, mwenye miaka 27, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, kazi yake ni kuwarudia watu walioacha fomu na mapengo. Haruhusiwi kuandika anachokiona. Jibu lazima litoke kinywani mwa mwenye fomu. Kwa siku analipwa randi 250. Mkataba wake unaisha keshokutwa, na utaongezwa tu akifikisha fomu ishirini zilizokamilika. Anazo kumi na tisa. Hii ndiyo ya mwisho.

"Usingizi umenikimbia," anatuambia kando. "Namtazama binti yangu, miaka mitatu, nawaza hiyo fomu moja."

Mama Gaël naye ana hofu yake. "Karatasi ya kupanga inasema watu wanne," ananong'ona. "Mwenye nyumba akijua mdogo wangu na watoto wake wako hapa, anatutoa. Tutaenda wapi, yaya, dada yangu?"

Laetitia anaijua hofu hiyo. Mwaka jana fomu kama hii ilifika chumbani kwake Pinetown, akaacha swali hilohilo wazi. Mfuatiliaji alipogonga, alijifungia, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

"Eish, alitokwa na machozi, na mimi nimemshikilia tu," anakumbuka. "Siku hiyo nilijichukia. Yule dada alirudi mara tatu. Ndiye aliyeniambia wanatafuta watu wa Kiswahili."

Anamsimulia Mama Gaël yote hayo palepale mlangoni. Kisha anamwonyesha karatasi ya juu, yenye anwani na sahihi, ambayo huchanwa kabla ya majibu kuhesabiwa.

"Mwenye nyumba haioni. Lakini sikulazimishi, mama."

"Nitaongea na mume wangu, Papa Gaël, kwanza."

Mlango unafungwa.

Laetitia anatembea polepole kuelekea geti. Akipata mkataba mpya, anasema, atajiandikisha darasa la kompyuta la jioni, ahamie ofisini kuingiza majibu, asiwe tena anamwamsha mtoto alfajiri kumpeleka kwa jirani. Anasema hayo huku akigeuka nyuma kila hatua mbili.

Mlango unafunguliwa.

"Yaya! Mtoto mchanga naye anaandikwa?"

Laetitia anasimama. Kalamu tayari iko mkononi.

"Kama alikuwa hapa jana usiku, mama, anaandikwa."

Mama Gaël anatazama viatu vya mlangoni, halafu anamtazama yeye.

"Basi leta hiyo kalamu. Tuko kumi."